Unajua kuchora, sawa. Lakini kazi yako ni ya nani?

Kama kwenu kuna mdogo wako aliyeingia Gredi ya 10 Januari 2026, bila shaka ulisikia ule mjadala wa mezani. Njia ni tatu: STEM, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mtoto akitaja hiyo ya tatu, mzee anakohoa. Mama anauliza kama amefikiria vizuri. Na kuna anko mmoja, hakosekani, atasema kuchora ni kitu cha kufanya ukishamaliza hesabu.

Serikali nayo ilikuja na mpango wake. Asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, asilimia 25 sayansi za jamii, na hiyo 15 inayobaki wagawane wachoraji, wanamuziki, waigizaji na wanariadha. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini sisi wa 8-4-4 hatukupewa hata hicho. KCPE ilipoanza mwaka 1985, sanaa, ufundi na muziki vilikuwa vinatahiniwa. Baadaye vikaondolewa, na kizazi chetu kikajifunza kuchora kwa kalamu ya Bic kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la Sayansi, mwalimu akiwa amegeukia ubao.

Kwa hivyo sasa njia iko. Ni rasmi, ina jina, ina masomo yake. Na swali ambalo kila mtu anauliza ni lilelile la zamani: je, sanaa inalipa?

Mimi naona hilo swali limekaa upande. Sanaa inalipa. Tembea kutoka Kencom hadi Odeon ukihesabu: mabango, tisheti, vibandiko vya bodaboda, nganya zenye sura za wachezaji, menyu za vibanda vya chipsi, majalada ya vitabu pale kando ya barabara, halafu matangazo yaliyo kwenye simu yako mfukoni. Kila kimoja kilichorwa na mtu. Na kwa kila kimoja kuna mtu alikula pesa. Swali la maana ni: alikula nani? Na kwa nini mara nyingi si yule aliyechora?

Jibu lina pande nyingi. Lakini kuna upande mmoja ambao wanafunzi wengi wa sanaa hawausikii mpaka uwaume, na ndio nataka tuuangalie leo. Ukijiandaa kwa kazi ya sanaa bila kuujua, umejiandaa nusu.

Kifungu cha 31, kile ambacho hakiko kwenye turubai

Hebu tuseme wewe ni mwanafunzi, unachora vizuri, na jirani anafungua kibanda cha kuku pale mtaani. Anakuambia, kijana, nichoree kitu kizuri. Unakaa siku tatu, unamchorea jogoo mwenye miwani na kofia ya baba. Watu wanaipenda. Anakutumia Sh3,000 kwa M-Pesa, unashukuru, maisha yanaendelea.

Miaka miwili baadaye kibanda kimekuwa maduka manne. Jogoo wako yuko kwenye tisheti za wafanyakazi, kwenye mifuko, kwenye ukuta wa duka la tatu akiwa na urefu wa ghorofa moja. Sasa tisheti zenyewe zinauzwa. Unampigia simu, unamwambia, mzee, huyo jogoo ni wangu. Anakujibu, kijana, si nilikulipa?

Nani yuko sawa?

Wengi wetu tungeapa kwamba aliyechora ndiye mwenye mali. Na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaanza hivyohivyo: hakimiliki kwanza ni ya mtunzi. Halafu kifungu cha 31 kinageuka. Kinasema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, au umeifanya ukiwa kwenye ajira, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza au kwa mwajiri. Inahama yenyewe. Hakuna haja ya sahihi, hakuna haja ya kikao. Kitu pekee kinachoweza kuizuia ni makubaliano kati yenu yanayosema vingine.

Kwa hivyo jogoo ni wa mzee. Kama hamkukubaliana vingine, aliponunua mchoro mmoja wa ukutani kwa Sh3,000 alinunua pia tisheti, mifuko na ghorofa. Na hakukuibia. Sheria ilimpa.

Sasa linganisha na hali nyingine. Umekaa kwako, hujaagizwa na mtu, umechora soko la Gikomba asubuhi na mapema. Mtu anaipenda, anainunua kwa Sh15,000, anaitundika sebuleni. Hapa sheria inakaa upande wako. Amenunua turubai, hakununua hakimiliki. Hawezi kuichapisha iwe kalenda bila wewe, kwa sababu sheria hiyohiyo inasema kuhamisha hakimiliki kunahitaji maandishi yenye sahihi ya anayehamisha.

Umeona hapo? Kazi uliyojitumia mwenyewe, bila mtu kukuomba, inalindwa mpaka usaini. Kazi uliyoagizwa, ile inayolipa kodi ya nyumba, inaondoka mpaka uizuie. Na ukiuliza kijana yeyote anayetafuta riziki kwa kalamu ama kwa kompyuta, atakuambia kazi nyingi anazopata ni za kuagizwa. Nembo, bango, harusi, jalada la albamu, katuni ya ukurasa wa kampuni.

Jalada lina kazi arobaini. Zako ni ngapi?

Kuna rafiki yangu ambaye bado yuko chuoni, mwaka wa tatu, anasomea sanaa. Juzi tuliongea kuhusu vile anajiandaa kuingia sokoni. Amejipanga kuliko wengi. Ana jalada la kazi kama arobaini, ana wafuasi kwenye Instagram, anajua rangi, anajua mwili wa binadamu unavyopinda, anaweza kukuelezea historia ya uchapishaji wa mbao huko Japani mpaka chai ipoe. Anataka kuchapisha baadhi ya hizo kazi auze kama picha za ukutani ili alipie maonyesho yake ya mwisho.

Nikamuuliza ni ngapi kati ya hizo arobaini aliagizwa. Zaidi ya nusu. Nikamuuliza kama kuna yoyote aliyoandikiana na mteja. Hakuna. Maana yake ni kwamba kabla ya kuchapisha picha zaidi ya ishirini alizochora kwa mkono wake, anatakiwa kuomba ruhusa kwa watu waliomlipa Sh2,000, Sh4,000, na mmoja aliyemlipa kwa chakula cha mchana.

Aliniambia kwamba kwa miaka mitatu amefundishwa vitu vingi vizuri, na hataki kuvidharau, lakini hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwonyesha ankara inavyoandikwa. Bei anaikisia. Akitaja bei, anaitaja kwa sauti ya kuuliza.

Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ndiyo ilisema. Kwa hivyo sina cheti cha kumtambia mtu. Ila Sheria ya Hakimiliki iko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kuisoma akiwa kwenye mathree kutoka Rongai. Kiingereza chake ni kigumu, nakubali. Lakini vifungu vinavyomgusa mchoraji si vingi.

Na hapa sitaki tukimbilie kuvilaumu vyuo peke yake. Chuo kinafundisha mkono na jicho, na hiyo si kazi ndogo. Shida ni kwamba tumekubali kuita hiyo ndiyo maandalizi yote. Fundi wa nguo hafunzwi kushona tu. Anafunzwa pia kupima kitambaa, kuchukua arbuni, na kukataa kutoa suti kabla ya salio. Kwa nini mchoraji aonekane mchoyo akifanya hivyohivyo?

Chuo kilicho gereji

Kama unataka kuona watu waliojifunza sanaa pamoja na biashara yake, nenda kwa wachoraji wa nganya.

Sanaa ya matatu imepita kwenye mengi. Mwaka 2004 zilikuja zile kanuni tunazoita sheria za Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, na mstari wa manjano ubavuni. Madoido yakabanwa. Vijana waliokuwa wakiishi kwa kopo la rangi wakatafuta vingine. Kisha Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta akajitokeza kuwatetea, akisema hii ni kazi ya vijana na haifai kuzimwa. Leo kuna nganya ambayo kabla haijabeba abiria wa kwanza, picha zake zimeshazunguka nchi nzima.

Wengi wa hao wachoraji hawakupitia chuo. Walianza kwa kushika ngazi, wakapanda kusugua mabati, wakapewa kona ndogo ya mlango wa nyuma wajaribu. Lakini fundi anayeijua hiyo kazi hafungui kopo bila arbuni, kwa sababu rangi si ya bure. Anakuambia bei kwa ukubwa wa eneo na ugumu wa picha. Na akimaliza, anaandika jina lake pale chini, na nambari ya simu.

Hapo wametushinda. Ila kifungu cha 31 hakiwaachi hata wao. Mwenye gari ndiye aliyeagiza, kwa hivyo kampuni ya soda ikitaka kutumia ule mchoro kwenye tangazo lake la kitaifa, itaongea na mwenye gari. Mchoraji atauona mchoro wake kwenye televisheni kama wewe na mimi, akiwa amekaa kwenye kiti.

Kitu kimoja hakiendi, lakini, na hiki ukishike. Sheria ya Kenya inatenganisha pesa na jina. Hata haki za kiuchumi zikihamia kwa mwingine, bado una haki ya kutambuliwa kama mtunzi, na ya kupinga kazi yako ikivurugwa kwa namna inayokuharibia sifa. Haki hiyo haihamishwi ukiwa hai. Kwa hivyo mteja anaweza kuwa mwenye jogoo, lakini hawezi kusema alimchora yeye.

Andika mstari mmoja

Haya basi, ufanye nini?

Sheria imekuachia mlango: makubaliano. Kabla hujaanza kazi, mtumie mteja ujumbe wenye mambo manne. Unachochora, bei na arbuni, kitatumika wapi, na nani anabaki na hakimiliki. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Nitachora jogoo mmoja wa rangi kwa Sh8,000, nusu kabla ya kuanza. Utautumia kwenye ukuta wa duka lako moja na kwenye kurasa zako za mtandao. Hakimiliki inabaki kwangu. Matumizi mengine tutaelewana bei yake. Ukikubali, nijibu hapa."

Si Kiswahili cha mahakamani, lakini kinaeleweka. Maandishi ya WhatsApp ambayo mteja amejibu "sawa" ni afadhali mara mia kuliko maneno ya mdomoni. Karatasi yenye sahihi mbili ni bora zaidi. Kazi ikiwa kubwa, tafuta wakili aisome.

Sisemi usiuze hakimiliki kamwe. Kampuni inayotaka nembo ina sababu nzuri ya kutaka kuimiliki yote, maana haiwezi kujenga jina lake juu ya kitu cha mtu mwingine. Sawa, uza. Lakini jua unauza nini. Kukodisha nyumba na kuuza nyumba ni vitu viwili, na hakuna mtu anayeuza nyumba kwa kodi ya mwezi mmoja. Ukiwa na bei mbili, moja ya kutumia na moja ya kumiliki, mteja mwenyewe ataanza kufikiria anachohitaji.

Baada ya hapo kuna mambo ya pesa, ambayo ni rahisi kuliko yanavyotisha. Kampuni ikikupa kazi itakuitisha PIN ya KRA na ankara ya eTIMS, kwa hivyo jisajili mapema badala ya kukimbizana usiku wa kuamkia siku ya malipo. Malipo ya huduma ya kitaalamu yakifika Sh24,000 kwa mwezi, inatakiwa ikate asilimia 5 iipelekee KRA kwa niaba yako. Yaani kazi ya Sh40,000 itakuletea Sh38,000. Usianze kugombana na mhasibu. Hiyo Sh2,000 ni kodi iliyolipwa mbele, na unaidai kwenye hesabu zako za mwaka. Wengi huiacha ipotee kwa sababu tu hawajui iko.

Na mteja akikataa kulipa? Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Milimani mwaka 2021. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya huduma uliyotoa hukulipwa, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Lakini hakimu atakuuliza ushahidi, na hapo tunarudi kwenye ule ujumbe wenye mambo manne.

"Usipochora wewe, atachora mwingine"

Najua unachofikiria sasa hivi. Ukimtumia mwenye kibanda masharti, atakuona msumbufu. Nyuma yako kuna wengine hamsini wenye njaa, na mmoja atamchorea kwa Sh1,500 bila kuuliza lolote. Ni kweli. Hiyo ndiyo noma yenyewe, na hakuna ushauri wa kujipanga unaoweza kuimaliza.

Ndiyo maana nasema hili si jambo la bidii yako peke yake. Sheria imechukua mzigo wa kuandika mkataba ikautwika yule asiye na nguvu. Mwenye kampuni ana wakili, ana ofisi, ana muda wa kusubiri. Mwanafunzi ana kodi ya nyumba tarehe tano. Halafu sheria inasema, nyinyi wawili msipoandikiana, mwenye nguvu achukue yote. Mtu akinyamaza, anayeumia anajulikana mapema.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Uingereza, tulikorithi mengi ya sheria zetu, iliamua kwenye sheria yake ya mwaka 1988 kwamba mchoraji wa kujitegemea anayeagizwa kazi anabaki na hakimiliki, mpaka aihamishe kwa maandishi yenye sahihi. Mwajiriwa tu ndiye ambaye kazi yake ni ya mwajiri. Kule, mteja anayetaka kumiliki kila kitu ndiye anayetafuta karatasi. Hapa, ni wewe.

Bunge letu limeigusa Sheria ya Hakimiliki mara kadhaa. Marekebisho ya mwaka 2019 yalileta haki nzuri sana kwa wachoraji: kazi yako ikiuzwa tena mnadani au kupitia kwa wauzaji wa sanaa, unastahili asilimia 5 ya bei. Turubai uliyouza kwa Sh15,000 ikija kuuzwa mnadani kwa Sh300,000, kuna Sh15,000 yako nyingine hapo. Marekebisho ya mwaka 2022 yakaangalia wanamuziki na pesa za milio ya simu, yakaweka asilimia 52 kwa msanii. Kwa hivyo si kwamba wabunge hawawezi. Wanamuziki walipiga kelele kwa miaka, wakasikika. Wachoraji kelele yetu iko wapi?

Kuna mahali pa kuianzia. Nairobi ina vikundi vya wachoraji vinavyoshirikiana nafasi ya kazi, kama Kuona pale Kilimani na Brush Tu kule Buruburu. Ukienda huko hutajifunza brashi tu. Utakutana na watu waliokwisha kuumwa na nyoka huyu na wanajua shimo lake. Vikundi kama hivyo, vyama vya wanafunzi wa sanaa, na wale wa gereji, wakikubaliana kutumia mkataba mmoja mfupi, mteja hataweza tena kusema wewe peke yako ndiwe msumbufu. Atausikia kwa wa kwanza, kwa wa pili, kwa wa tatu. Akifika wa nne atakuwa ameuzoea.

Halafu kukaja mashine

Machi 2025 watu walijaza mitandao picha zao zilizogeuzwa katuni za mtindo wa Studio Ghibli ya Japani. Mwezi uleule Kenya ikazindua mkakati wake wa kitaifa wa akili unde wa 2025 hadi 2030. Wachoraji wengi waliangalia hivi vitu viwili kwa pamoja wakahisi baridi tumboni.

Wana sababu. Hakimiliki inalinda kazi uliyoitoa, hailindi mtindo. Na zile kazi ndogondogo, bango la kanisa la Sh500, kadi ya bethidei, nembo ya duka la simu, ndizo zimeanza kwenda kwa mashine kwanza. Watu wanazidharau hizo kazi, lakini ndizo zilikuwa ngazi ya chini ambayo mwanafunzi alikanyagia. Ngazi hiyo ikikatwa, ya pili iko mbali sana na ardhi.

Lakini fikiria hivi. Kama picha moja ya haraka sasa inapatikana karibu bure, basi anayeuza picha moja ya haraka anaumia. Anayebaki na kitu ni yule mwenye mkusanyiko unaojulikana kuwa wake. Joseph Bertiers alianza kwa kuchora mabango ya baa na maduka viungani mwa Nairobi, na macho yaleyale ya mtaani yakampeleka kwenye maghala ya sanaa ya nje. Cyrus Kabiru, aliyejifundisha mwenyewe, aliokota taka akatengeneza miwani ya C-Stunners, na leo ukiiona huhitaji kuambiwa ni ya nani. Hicho ndicho kitu ambacho mashine haikupi: jina lililoshikana na kazi. Na jina haliwezi kushikana na kazi ambazo ulizigawa zote kimya kimya kupitia kifungu cha 31.

Ndiyo sababu ninakuambia uweke daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakuwa wanaongea juu ya duka la unga tu. Kila kazi: tarehe, ukubwa, picha yake, nani aliiagiza, nani aliinunua, mlikubaliana nini. Hifadhi faili asilia na michoro ya mwanzo, ile yenye makosa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonyesha mkono wako ulipopita. Zile kazi kubwa, zisajili kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO, kupitia mtandao. Usajili si lazima, hakimiliki inaanza pale unapoiweka kazi kwenye karatasi au kwenye diski. Lakini siku ya ugomvi, cheti kinaongea.

Na kila mwezi jitengee kazi moja ambayo hukuagizwa na mtu. Hiyo ni yako kuanzia mstari wa kwanza. Ukifanya hivyo kwa miaka mitatu ya chuo, utatoka na kazi 36 ambazo hakuna mtu wa kuombwa ruhusa.

Wale watoto walioingia Gredi ya 10 watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Tumewaambia sanaa ni njia kama njia nyingine, na wengine wametuamini mpaka wakabishana na wazazi wao. Wakitoka wakute bado mwenye kibanda anachukua jogoo, tisheti na ghorofa kwa Sh3,000, tutakuwa tumewafundisha kuchora ili watajirishe wengine. Kubadilisha kifungu kimoja cha sheria ndani ya miaka hiyo kunawezekana. Kuweka somo moja la mikataba kwenye kila kozi ya sanaa hakuhitaji hata Bunge, kunahitaji mhadhiri mmoja na alasiri chache.

Wewe ambaye tayari uko sokoni usisubiri. Una kazi wiki hii? Fungua simu, mwandikie mteja mambo yale manne, tuma. Kama atakimbia kwa sababu ya ujumbe wa mistari mitano, angekimbia pia siku ya kulipa.